Shamba Liuzwe na Nani? Ubongo, Sentensi na Kiharusi

Isome sentensi hii kwa mwendo wako wa kawaida: Mgonjwa aliyemwona daktari ameondoka. Nani alimwona nani? Wasomaji wengi watajibu upesi kwamba mgonjwa ndiye aliyemwona daktari. Lakini Kiswahili kinaruhusu maana ya pili: daktari ndiye aliyemwona mgonjwa, na mgonjwa huyo aliyekwisha kuonwa ameondoka. Maneno ni yale yale na mpangilio ni ule ule. Kama ungeisikia sentensi hii kutoka kwa muuguzi anayetafuta faili la mtu aliyemaliza kuhudumiwa, pengine maana ya pili ingekujia yenyewe, wala usingejua kwamba ulikuwa umesimama kwenye njia panda.

Uamuzi huo huufanya ubongo, na huufanya sentensi ikiwa ingali inasemwa. Mwaka 1980 Marta Kutas na Steven Hillyard wa Marekani, waliokuwa wakipima umeme wa ubongo kwa vihisio vilivyobandikwa kichwani, waligundua kwamba neno lisiloafikiana na maana ya sentensi huzua wimbi la pekee ambalo hufikia kilele takribani milisekunde 400 baada ya neno hilo kujitokeza. Tuchukue mfano wa kwetu: Shambani nimepanda mahindi, maharage na misumari. Mshtuko unaoupata kwenye neno la mwisho una alama yake ya umeme. Kosa la sarufi, kwa mfano Kiti umevunjika, huzua wimbi la namna nyingine, la baadaye kidogo, kwenye milisekunde 600 hivi. Kwa hiyo maana na sarufi, ambazo sisi huzisikia kama kitu kimoja, hukaguliwa na ubongo kwa njia zinazoweza kutenganishwa. Jambo hili lina uzito mkubwa kwa mhudumu wa afya, kwa sababu ugonjwa nao huweza kuzitenganisha.

Kusema ni kazi ngumu zaidi ya kusikia. Mtu mzima mwenye afya huhitaji takribani milisekunde 600 ili kuitazama picha ya kitu na kuanza kulitaja jina lake. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu mazungumzo katika lugha 10 za mabara mbalimbali, mojawapo ikiwa ya Namibia, ulionyesha kwamba pengo kati ya swali na jibu huwa kwa wastani kama milisekunde 200 tu. Hesabu hiyo ina maana moja: anayejibu alianza kulitayarisha jibu lake kabla mwenzake hajamaliza kuuliza. Tunasikiliza na kuunda sentensi kwa wakati mmoja, kutwa nzima, bila kuchoka.

Sasa fikiria Kiswahili kinamdai nini msemaji wake. Chukua neno Hawatatulipia. Ndani yake mna ukanushi, nafsi ya watendaji, njeo, nafsi ya wanaotendewa, mzizi wa kitenzi, kiambishi kinachoonyesha kwamba malipo ni kwa ajili yetu, na irabu ya mwisho. Hiyo ni sentensi kamili iliyofungwa katika neno moja. Zaidi ya hapo, ukanushi umekaa mwanzoni kabisa, na mtendewa ametangulia mzizi. Msemaji hawezi kufungua kinywa kwanza na kuamua baadaye. Akitamka tu ha-, amekwisha kuamua kwamba anakanusha. Akisema Vimevunjika, ubongo wake umekwisha kujua kwamba habari ni ya viti au vikombe, hata kama jina lenyewe halikutajwa. Vitabu vingi vya tiba tunavyovitumia viliandikwa kwa kuangalia lugha ambazo vitenzi vyake havibebi mzigo wa namna hii, na mimi naona tumevikubali kwa wepesi mno.

Kisanduku ambacho hakikupatikana

Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari wa upasuaji Paul Broca alimpokea mgonjwa aliyeitwa Leborgne, ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka zaidi ya silabi moja, “tan”. Alielewa mengi aliyoambiwa na alijibu kwa ishara. Alipofariki, Broca aliuchunguza ubongo wake na kukuta jeraha katika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Mwaka 1874 Carl Wernicke, Mjerumani, alieleza hali iliyo kinyume chake: wagonjwa wenye jeraha la nyuma zaidi, juu ya sikio la kushoto, waliozungumza kwa mtiririko mzuri lakini maneno yao hayakujenga maana, na ambao hawakuelewa walichoambiwa.

Kutokana na wawili hao ilizaliwa picha rahisi ambayo bado inafundishwa: kisanduku cha mbele cha kusemea, kisanduku cha nyuma cha kuelewea. Picha hiyo imekuwa na manufaa, lakini haitoshi. Ubongo wa Leborgne ulihifadhiwa, na mwaka 2007 watafiti walichapisha picha zake zilizopigwa kwa mashine ya MRI. Jeraha lilikuwa limepenya ndani sana, likikata hata nyuzi ndefu za neva zinazounganisha mbele na nyuma. Leo tunaiona sentensi kama kazi ya mtandao: sehemu ya mbele ya kushoto, sehemu ya pembeni juu ya sikio, na mkanda wa nyuzi uliojipinda kama upinde kati yake, pamoja na viini vya ndani vya ubongo. Upande wa kulia nao una sehemu yake, hasa katika lafudhi ya hisia na kiimbo. Kwa watu wengi mno wanaotumia mkono wa kulia, mzigo mkuu uko kushoto. Ndiyo maana mgonjwa aliyepooza mkono na mguu wa kulia ndiye ambaye lugha yake inapaswa kuchunguzwa kwanza.

Ugonjwa unaoivunja lugha mara nyingi zaidi ni kiharusi. Utafiti uliofanyika kati ya 2003 na 2006 katika Wilaya ya Hai na katika Jiji la Dar es Salaam ulikuta kwamba, baada ya kurekebisha tofauti za umri, visa vipya kwa mwaka vilikuwa takribani 109 kwa kila watu 100,000 huko Hai na 316 Dar es Salaam, kiwango cha Dar es Salaam kikiwa miongoni mwa vya juu duniani kwa wakati ule. Takribani theluthi moja ya wanaopata kiharusi hupata pia afasia, yaani kuharibika kwa uwezo wa lugha kutokana na jeraha la ubongo. Afasia si sawa na ulimi mzito. Mwenye ulimi mzito ana misuli dhaifu ya kinywa. Sentensi yake ni kamili, ila inatoka ikiwa na matope. Mpe kalamu, ikiwa alikuwa anajua kuandika, naye ataandika vizuri. Mwenye afasia hukwama hata kwenye karatasi.

Sarufi inapolegea

Afasia inayovunja sarufi huonekana namna gani kwa msemaji wa Kiswahili? Katika lugha kama Kiingereza mgonjwa hudondosha viambishi na kubaki na maneno makavu. Kwetu hilo lina mpaka, kwa sababu mzizi -pik- hautamkiki peke yake. Hali hii iliwahi kuelezwa kwa wasemaji wa Kiebrania, lugha nyingine ambayo mzizi wake hauwezi kusimama wenyewe: wagonjwa hawakudondosha, walibadilisha umbo moja kwa jingine. Katika kliniki nimewasikia wagonjwa wakikimbilia umbo la ku-, “mama… kupika… ugali”, au wakishika kiambishi kimoja na kukitumia kwa kila kitu. Mhudumu asiyesikiliza kwa makini ataandika kwamba mgonjwa “anaongea kwa shida” na kupita.

Kazi iliyo karibu nasi zaidi ni ya Tom Abuom, ambaye pamoja na Roelien Bastiaanse wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, alichunguza wagonjwa wa Kenya wenye afasia ya namna hii wanaozungumza Kiswahili na Kiingereza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 kuhusu kuunda na kuelewa sentensi yalionyesha kwamba sentensi zilizouacha mpangilio wa kawaida wa mtenda, kitendo na mtendwa ziliwawia ngumu zaidi, katika lugha zote mbili. Kauli ya kutendwa ni mfano mzuri. Neema amemfukuza Amina na Neema amefukuzwa na Amina zinatofautiana kwa vipande vidogo mno vya sauti, lakini aliyefukuzwa amebadilika. Ubongo wenye jeraha husikia majina mawili na kitendo kimoja, kisha hukisia kwamba aliyetajwa kwanza ndiye aliyetenda.

Mgonjwa huyo huyo akiambiwa Ugali umeliwa na mtoto, ataelewa barabara, kwa kuwa ugali haumli mtu. Hapo anasaidiwa na ujuzi wake wa dunia, ambao haukuharibika. Ukimwambia “fumba macho” huku wewe mwenyewe ukifumba, au “chukua kikombe” huku ukikitazama kikombe, anasaidiwa na macho yake. Vipimo vya aina hiyo havipimi sentensi hata kidogo.

Utamaduni wetu nao una mtego wake. Salamu zetu ni ndefu na zimepangwa. Mgonjwa aliyeugua afasia kali anaweza kuitikia “marahaba”, akasema “salama”, “nzuri”, “tunamshukuru Mungu”, akahesabu hadi kumi na kusali Baba Yetu mpaka mwisho. Maneno hayo huhifadhiwa kama vifurushi vilivyokwisha kufungwa. Kuyatoa hakuhitaji kuunda sentensi upya. Nimeona kwenye zaidi ya kadi moja maneno “anazungumza vizuri” kuhusu mtu ambaye, salamu zilipokwisha, hakuweza kueleza alikula nini asubuhi. Na kwa aina ile ya Wernicke mkasa huwa mkubwa zaidi. Mtu anazungumza kwa kasi, kiimbo ni cha kawaida, viambishi vipo, lakini maneno hayashikani. Ndugu husema malaria imempanda kichwani, au amerogwa, au amerukwa na akili. Siku mbili tatu hupotea kwa namna hiyo, na mgonjwa alikuwa akihitaji hospitali katika saa ya kwanza.

Mzee wa Mjimwema

Yote haya yanaweza kuonekana kama mambo ya maabara. Katika kliniki ya huduma za mkoba mjini Songea nililetewa mzee mmoja mkazi wa Mjimwema, miezi sita baada ya kupata kiharusi kilichomwacha na mkono wa kulia usiofanya kazi na maneno machache. Watoto wake wawili wa kiume walikuwa na ombi lililo nje ya dawa. Walitaka barua ya daktari kuthibitisha kwamba baba yao ana akili timamu na ameridhia kuuzwa kwa shamba la mahindi. Walikuwa wamemuuliza mbele ya mashahidi, naye alitikisa kichwa kukubali. Karatasi ilikuwa tayari, ikisubiri dole gumba.

“Mlimuuliza kwa maneno gani?” nikasema.

“Daktari, tulimuuliza vizuri tu,” akajibu mkubwa. “Baba, umekubali shamba liuzwe na Kaka?”

Nilimsogelea mzee, nikamwamkia, naye akaitikia kwa sauti safi. Nikamuuliza: “Mzee wangu, shamba liuzwe na kijana wako?” Akakubali. Nikanyamaza kidogo, kisha nikauliza: “Shamba liuzwe kwa kijana wako?” Akakubali. “Shamba lisiuzwe?” Akakubali vile vile, kwa heshima ile ile. Vijana wakatazamana. Sidhani walikuwa na nia mbaya. Mdogo alionekana kufadhaika kweli. Tofauti kati ya kijana kuwa muuzaji na kijana kuwa mnunuzi, na hata tofauti kati ya kuuza na kutouza, ilikuwa imebebwa na na, kwa na si, vipande ambavyo ubongo wa mzee haukuweza tena kuvishika. Alichobakiza ni adabu ya kuitikia.

Tukaacha sentensi. Tuliweka mezani gunzi la hindi kuwa shamba, noti kuwa fedha, na simu ya kijana yenye picha za mama yao, za kaka na za jirani aliyetaka kununua. Nikaonyesha kila hatua kwa mikono, polepole, nikisema neno moja moja: shamba, fedha, jirani. Mzee alitazama kwa muda mrefu. Akaisukuma noti pembeni, akalichukua gunzi kwa mkono wa kushoto na kuliweka juu ya picha ya mkewe. Tulirudia, tukibadilisha nafasi za picha ili isiwe bahati. Akafanya vile vile mara tatu.

Barua niliyoandika haikusema kwamba hana akili timamu. Niliandika kwamba anaelewa mambo yake, ana uamuzi, na kwamba maswali ya maneno matupu yasichukuliwe kuwa ridhaa. Madaktari wengi huulizwa swali la “akili timamu” kana kwamba lina majibu mawili tu. Kwa mgonjwa wa afasia, swali la haki ni lingine: je, ameulizwa kwa njia anayoweza kujibu?

Lugha mbili katika kichwa kimoja

Mzee yule, kama wazee wengi wa Songea, alilelewa kwa Kingoni na kuzungumza Kiswahili kanisani, sokoni na ofisini. Mwaka 1881 Théodule Ribot wa Ufaransa alidai kwamba kilichojifunzwa kwanza ndicho kinachodumu. Mwaka 1895 Albert Pitres akajibu kwamba lugha iliyotumika zaidi kabla ya ugonjwa ndiyo hurudi kwanza. Uzoefu uliofuata umeonyesha kwamba kwa wagonjwa wengi lugha zote huathirika na kurudi pamoja, ila wapo wachache ambao moja hurudi na nyingine hubaki nyuma. Hakuna namna ya kumjua huyo mapema. Kwa hiyo muulize ndugu, lugha gani ilitumika nyumbani, na mchunguze mgonjwa katika hiyo pia, hata kama wewe hukielewi Kingoni, Kimatengo au Kiyao. Ndugu anaweza kuuliza kwa niaba yako, mradi umwonye asitumie mikono wala macho kumwonyesha jibu.

Kwa ndugu na wahudumu, yapo machache ya kushika. Uso ukipinda, mkono ukilegea au usemi ukibadilika ghafla, mpeleke mgonjwa hospitali mara moja na ukumbuke saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Dawa za kuyeyusha damu iliyoganda, mahali zinapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, tena baada ya kipimo cha CT kuthibitisha kwamba hakuna damu iliyovuja ubongoni. Usimpe aspirini nyumbani kabla ya kipimo hicho, wala chakula au maji kabla uwezo wake wa kumeza haujaangaliwa.

Baadaye, maelekezo ya dawa yafuate mpangilio wa matendo yenyewe. Tunapenda kusema “Usinywe dawa hii kabla hujala.” Sentensi hiyo ina umbo la kukanusha mara mbili, na la pili halikanushi kitu; ni desturi tu ya kabla. Mtu mzima haoni tatizo. Kwa mwenye afasia sema “Kula,” uonyeshe mkono kinywani, subiri, kisha “Kunywa dawa,” ukionyesha kidonge. Badala ya “kutwa mara mbili”, chora jua linalochomoza na mwezi. Mpe muda wa kujibu unaokuwia mrefu kupita kiasi. Hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kumsaidia neno. Kila anapokubali, geuza swali: aliyekubali kwamba ana maumivu, muulize kama hana maumivu. Akikubali yote mawili, bado hujapata jibu.

Na familia zisiambiwe kwamba baada ya miezi sita hakuna jipya. Nafuu huja kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo, hilo ni kweli. Lakini mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya wagonjwa 156 ambao afasia yao ilikuwa imezidi miezi sita. Waliopewa mazoezi makali ya lugha, saa 10 au zaidi kwa wiki kwa muda wa wiki tatu, waliboresha mawasiliano yao. Walioachwa wakisubiri hawakubadilika, hadi walipopewa mazoezi hayo hayo. Wataalamu wa tiba ya usemi katika nchi yetu ni wachache mno, na saa 10 kwa wiki hazitapatikana kliniki. Sehemu kubwa ya saa hizo inaweza kupatikana nyumbani: mjukuu na picha za vitu vya jikoni kwa nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, maneno kwanza, kisha mtenda na kitendo, Mama anapika, Mama anapika ugali, na kauli ya kutendwa iachwe mpaka mwisho kabisa.

Kwenye kadi ya kila mgonjwa wa kiharusi ningependa kuona mistari mitatu baada ya kipimo cha presha: mkono anaoutumia, lugha ya nyumbani, na kama anaelewa sentensi isiyosaidiwa na ishara. Kujaza mistari hiyo huchukua chini ya dakika tano, na vifaa vinavyohitajika ni kikombe, kijiko na kalamu. Weka kijiko juu ya kikombe. Sasa gusa kalamu kwa kijiko. Mikono yako wewe mhudumu ikae mfukoni.